Baada ya Siku ya Kupanda Miti: Namna ya Kujitolea Katika Bustani ya Mimea ya Asili

Tarehe 13 Novemba 2023 Serikali ya Kenya iliwapa wananchi siku nzima ya mapumziko ili wapande miti, na lengo lililotangazwa lilikuwa miche milioni 100 kwa siku hiyo moja. Ilikuwa hatua njema. Hata hivyo, mche ukishatiwa ardhini ndipo kazi ngumu inapoanza: kuupalilia, kuumwagilia wakati wa kiangazi, kuukinga na mbuzi, na kujua baada ya miaka mitatu kama ungali hai. Kazi hii haina sherehe wala kamera, na ndiyo inayokosa mikono. Nayo haihitajiki popote kama inavyohitajika katika bustani za mimea ya asili, ambako mche mmoja ukifa huenda ukawa umepotea uzao wa mti uliobaki mmoja tu katika kijiji kizima. Makala haya ni kwa yule anayetaka kujitolea huko na kufaa, si kuonekana tu.

Bustani ya mimea si uwanja wa maua wa kupigia picha za harusi. Ni mkusanyo wa mimea wenye kumbukumbu: kila mmea una jina lake, una namba yake, na kuna daftari linaloeleza mbegu yake ilitoka mlima gani, lini, na ilichumwa na nani. Bustani za kale za kwetu hazikuanzishwa kwa ajili ya mimea ya kwetu. Entebbe ilianzishwa mwaka 1898 na Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1902. Zote mbili zilikuwa mahali pa wakoloni kujaribia mazao ya biashara kutoka nchi za mbali. Kirstenbosch ya Cape Town, iliyoanzishwa mwaka 1913, ilishika njia nyingine tangu siku za mwanzo: mimea ya kusini mwa Afrika peke yake. Mwaka huohuo kiliundwa chama cha raia cha kuisaidia, na hadi leo wanachama wanaojitolea huwatembeza wageni na kuotesha miche ya kuuza kwa faida ya bustani. Kwa maoni yangu, hakuna mfano bora barani wa jinsi raia wa kawaida wanavyoweza kuibeba bustani kwa zaidi ya miaka mia.

Kabla ya kushika jembe, jifunze kuuliza: asili ya wapi? Watu wengi hudhani mwarobaini ni mti wetu kwa kuwa babu zetu waliutumia, kumbe umetoka Bara Hindi. Jakaranda inayoipamba Nairobi kila Oktoba ilitoka Amerika Kusini, bogenvilia Brazili, mkaratusi Australia. Wala si lazima mmea uvuke bahari ndipo uwe mgeni. Mti uitwao *Maesopsis eminii* ni wa asili Uganda, Kongo na huko Kagera. Ulipopandwa Usambara kwa ajili ya mbao, ndege aina ya hondohondo waliyapenda matunda yake, wakazitapanya mbegu msituni, na leo umejaa katika mapengo ambayo yangeota miti ya Usambara yenyewe, miti isiyopatikana penginepo duniani. Ni mti wa Afrika Mashariki, lakini si mti wa mahali pale. Bustani nzuri ya mimea ya asili huchora mpaka wake waziwazi, iwe ni nyanda za juu za Kenya ya kati, iwe ni misitu ya pwani, na aliyejitolea anapaswa kuujua mpaka huo kabla ya kuleta mche kutoka kwao kama zawadi.

Kwa walio karibu na Nairobi nafasi zipo. Arboretamu ya Nairobi, ekari zipatazo 80 karibu na katikati ya mji, ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni inayokua upesi, kwa sababu reli ilihitaji kuni. Leo ina miti ya kigeni na ya asili pamoja, na kuna kundi la raia wanaoitunza kwa kushirikiana na Huduma ya Misitu ya Kenya. Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, ndio ule ambao Wangari Maathai alijeruhiwa akiutetea mnamo Januari 1999 dhidi ya wanyakuzi wa ardhi. Sasa unasimamiwa na Huduma ya Misitu pamoja na chama cha jamii, na sehemu zilizokuwa mashamba ya mikaratusi zinarudishiwa miti ya asili hatua kwa hatua. Tigoni, Limuru, kuna Bustani ya Brackenhurst. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mikaratusi na miwati imekuwa ikiondolewa pale na mahali pake kupandwa miti ya Afrika Mashariki, hadi mbega wakarudi. Ukiwa Fort Portal, kaitazame Bustani ya Tooro. Ukiwa Kigali, nenda Nyandungu, ambako bonde lililoharibika liligeuzwa kuwa hifadhi ya mjini yenye mimea ya asili na kufunguliwa kwa umma mwaka 2022. Amani ingali hai, ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1997.

Ukifika, usianze kwa kusema unachotaka kufanya. Mtafute msimamizi wa kitalu, maana yeye ndiye anayejua pengo liko wapi, na umuulize mambo matatu manne: siku gani za juma mikono huwa michache, nani atakuelekeza, kazi gani mtu asiye na mafunzo hapaswi kuigusa, na bustani inatoa nini, kama ni chai, nauli, vifaa au bima. Kisha uahidi kidogo na utimize. Mtu wa asubuhi moja kila wiki mbili, mwaka mzima bila kukosa, ana thamani kuliko basi zima la wafanyakazi wa kampuni wanaokuja siku moja na fulana mpya. Nawashukuru wanaokuja na mabasi, lakini mche haunywi maji mara moja kwa mwaka.

Kazi yenye elimu nyingi zaidi ni ya mbegu, na hapa nitakaa kidogo.

Miti ya kigeni imeenea kwetu kwa sehemu kubwa kwa sababu mbegu zake ni rahisi: hupatikana dukani, huota zote kwa pamoja, na mche huwa tayari upesi. Miti yetu ina masharti yake, kila mmoja kivyake. Muiri, yaani *Prunus africana*, ambao magome yake huuzwa ng'ambo kwa dawa ya tezi dume na ambao biashara yake imedhibitiwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES tangu 1995, una mbegu zisizokaa. Ukizihifadhi kabatini kama mahindi zitakufa. Yaokote matunda yakiwa yameiva, osha nyama yote, panda zikiwa mbichi. Muthiga, ambao magome yake machungu watu hutafuna wakiwa na kikohozi, ni vivyo hivyo. Mukinduri una mbegu zenye mafuta mengi, nazo huharibika zikicheleweshwa. Migunga kwa upande wake ina mbegu za ganda gumu zinazoweza kungoja miaka. Hizo humwagiwa maji ya moto, zikaachwa humo yapoe mpaka kesho yake, ndipo ganda lilainike. Kokwa la mutamaiyu, mzeituni wetu wa mwituni, hupasuliwa kwa uangalifu bila kuiponda mbegu iliyo ndani. Mugumo na mkuyu huweza kupandwa kwa tawi nene tu, na jambo hilo wazee walilijua tangu zamani. Mtalawanda una mbegu nyepesi zenye mabawa, zinazoota bila taabu, na kwa anayeanza ndio ningemshauri aanze nao.

Uchumaji wenyewe una adabu. Usichume zaidi ya sehemu moja ya tano ya mbegu zilizoiva siku hiyo, zinazobaki ni za msitu, ndege na nyani. Usichume kutoka mti mmoja mzuri ulio kando ya njia ukadhani umemaliza: miche yote itakuwa ndugu wa mama mmoja, na ndugu hao wakija kuzaana wenyewe kwa wenyewe kizazi hudhoofika. Tafuta miti mama mingi, iliyoachana umbali wa mita 50 au 100, uchanganye. Msitu wa serikali unahitaji kibali. Na katika makaya ya Wamijikenda, ambayo kadhaa yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, neno la wazee wa kaya ndilo kibali cha kwanza. Mahali pengine hakuruhusiwi kuokota hata ukuni mkavu, na makatazo hayo ndiyo yaliyoinusuru misitu ile mpaka leo.

Kitaluni kuna mambo madogo yenye kuua au kuokoa mche. Unapouhamisha kutoka kwenye tuta la kuoteshea, ushike kwa jani, kamwe usiushike kwa shina: jani likichubuka litachipua jingine, shina likichubuka mche umekwisha. Changanya udongo wa viriba na mchanga, mboji na udongo kidogo uliotolewa chini ya mti mama, kwa maana humo mna kuvu wanaoshirikiana na mizizi kuipatia chakula. Mwagilia asubuhi au jioni. Kila baada ya wiki chache inua kiriba na ukate mizizi iliyopenya chini, la sivyo siku ya kupanda utaukata mzizi mkuu bila kujua. Mwezi mmoja kabla ya mvua, punguza kivuli na maji kidogo kidogo ili mche ukomae. Na siku ya kupanda ondoa kiriba chote. Miti mingi mno iliyopandwa kwa shangwe imekufa ikiwa na umri wa miaka mitano kwa sababu mizizi ilizunguka ndani ya plastiki hadi ikajinyonga. Kenya, Tanzania na Rwanda zilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na vitalu vingi vinatafuta mbadala wa viriba pia: makopo, maganda ya migomba, vyombo vinavyotumika tena. Ukiwa na wazo, litoe.

Palizi ndiyo kazi utakayopewa siku ya kwanza. Usiione ya chini. Katika bustani ya mimea ya asili kupalilia ni kutambua, kwa sababu kijiche cha muiri na gugu la kigeni huweza kufanana machoni pa mgeni. Sheria ni moja: usichokijua usiking'oe, weka kijiti pembeni uulize. Magugu ya kujifunza kwanza katika nyanda za juu ni lantana, mtura wa kigeni uitwao *Solanum mauritianum*, na sestramu yenye maua ya rangi ya chungwa. Lantana ukiifyeka kwa panga umeipogoa tu, nayo itarudi na vichipukizi vingi kuliko mwanzo. Chimba, toa kisiki na mizizi, na ufanye hivyo kabla matunda hayajawa meusi, maana ndege huyala na kuzisambaza mbegu mbali. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapoishia njiani, funika pengo siku hiyohiyo kwa matandazo au kwa miche ya asili. Ardhi iliyoachwa uchi hutwaliwa tena na gugu lilelile. Gugu karoti ni adui mwingine, nalo limeenea Kenya, na huko Arusha pia. Linawasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo usilishike bila glavu, ling'oe kabla halijatoa maua, na mwenye pumu akae mbali nalo kabisa.

Kuna pia kosa la kusafisha kupita kiasi. Majani yaliyoanguka si uchafu, na gogo linalooza ni nyumba ya mende, kuvu na mijusi. Bustani ya mimea ya asili iliyofagiwa kama ua wa nyumba ni bustani inayokonda.

Sasa daftari. Kama ningeruhusiwa kuchagua kazi moja tu ya kuwapa watu wote wanaojitolea, ningechagua hii. Panga hupatikana, hela za miche hutafutwa, lakini kumbukumbu iliyopotea hairudi. Mti mkubwa usiojulikana mbegu yake ilitoka wapi ni kivuli kizuri tu, hauwezi kutumika kurudisha msitu wa mahali fulani kwa uhakika. Kwa hiyo kila mbegu inapoingia iandikwe: tarehe, mahali, kimo kutoka usawa wa bahari, idadi ya miti mama, jina la mchumaji. Kila mche upewe namba. Kila mwisho wa kiangazi watu wapite mstari kwa mstari wahesabu iliyo hai na iliyokufa, na waandike iliyokufa kwa uaminifu uleule. Aliye na subira zaidi aandike mti gani umechanua tarehe gani, mwaka baada ya mwaka. Kumbukumbu za namna hiyo ndizo zitakazoonyesha mvua zinavyobadilika na mimea inavyoitikia, na simu ya mkononi yatosha kuzitunza, mradi nakala ibaki katika daftari la bustani.

Majina yanahitaji uangalifu wa pekee. Kibao kizuri kina jina la kisayansi, jina la jamii ya mmea, eneo la asili, na majina ya watu wa hapo, Kikuyu, Kikamba, Kidigo au Kisambaa kadiri ya mahali. Majina hayo ya wenyeji yamo vichwani mwa bibi na babu, na hapa kijana anayejitolea anaweza kutoa msaada ambao profesa hawezi: kwenda kuuliza nyumbani kwa heshima, kwa lugha ya nyumbani, akaandika pia mti ulitumiwa kwa nini. Jina la kisayansi nalo lisikisiwe. Kazi ya kuieleza mimea ya mwituni ya Kenya, Uganda na Tanzania ilichapishwa kuanzia 1952 hadi 2012, ikafikisha spishi 12,104, kwa hiyo si ajabu mtu kukosea. Ukiwa na shaka, kata kitawi chenye ua au tunda, kibane kati ya kurasa za gazeti chini ya uzito, badilisha karatasi kila siku mpaka kikauke, ukipeleke kwa wataalamu pamoja na maelezo ya mahali. Hebariamu ya Afrika Mashariki, iliyozaliwa Amani na baadaye kuhamia Nairobi, ipo katika Makumbusho ya Taifa. Kibao chenyewe usikipigilie msumari kwenye shina. Kisimamishe kwa kijiti, au ukining'inize kwa waya wenye nafasi mti upate kunenepa.

Wanaopenda watu kuliko udongo wana kazi pia: kuwatembeza wanafunzi. Chukua watoto wachache, vituo vichache, na uwaache waguse na wanuse. Basi.

Kuhusu usalama, vaa gambuti au viatu vinavyofunika vidole, suruali ndefu, kofia na glavu. Hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati. Piga nyasi kwa fimbo kabla ya kuingiza mkono, kwa ajili ya nyoka, na angalia mizinga ya nyuki iko wapi. Mwenye panga afanye kazi akiwa mbali na wenzake. Usifanye kazi ya kupanda juu ya mti au kutumia msumeno wa injini kama hujafunzwa, hata ukiombwa. Bustani iwe na sanduku la huduma ya kwanza na mtu anayejua kulitumia, na iwe wazi hospitali ya karibu ni ipi. Kujitolea hakumaanishi kujitupa. Pia ni haki yako kuandikiwa barua ya utumishi mwishoni, hasa ukiwa kijana unayetafuta kazi, na bustani isiyotaka kuandika hata mistari mitatu haijawathamini watu wake. Nitasema na hili: mtu wa kujitolea asitumiwe kumfukuzisha kibarua. Wakazi wanaolipwa kwa kazi ya kitalu wanalisha familia, na bustani inayowaondoa kwa sababu imepata mikono ya bure itapoteza ujuzi na majirani kwa pamoja.

Na pale ambapo hakuna bustani? Shule nyingi zina robo ekari nyuma ya madarasa. Anzeni na spishi kumi zilizomo ndani ya mwendo wa siku moja kwa miguu, si mia moja. Mbegu nyingine na maelezo ya kuziotesha hupatikana kwa taasisi ya utafiti wa misitu KEFRI pale Muguga, na Tanzania kwa kituo cha mbegu za miti cha Morogoro. Wekeni uzio kwanza, maji pili, miche tatu. Wengi hufuata mpangilio wa kinyume, na ng'ombe wa jirani ndiye hufaidi. Andikeni makubaliano na mwenye ardhi, hata kama ni mwalimu mkuu mnayeelewana naye, kwa kuwa mwalimu mkuu huhamishwa na mti hukaa miaka mia.

Mvua ndefu huanza Machi, na vitalu huelemewa kuanzia Januari: viriba vya kujaza, miche ya kukomaza, mashimo ya kuchimba. Nenda mwezi huo. Ukiisha kupanda pamoja nao, rudi tena Julai, rudi Septemba, na uombe upewe mstari mmoja wa miche uwe wako wa kutunza na kuhesabu.